Veronika Nyaguthii wa Cheptiret, Aliyeisubiri Meza ya Bwana

Veronika Nyaguthii alizaliwa Ainabkoi, katika nyanda za juu za Eldoret, mwaka wa 1962, wakati maua ya pareto yalikuwa yanachanua na baridi imeshuka mpaka ndani ya blanketi. Mama yake, Kabura, alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo hakulia alipotoka tumboni, bali alifungua mdomo tu akaanza kutafuta titi. Baba yake, Wachira, alikuwa amepanda huku juu kutoka Nyeri kutafuta kazi katika mashamba ya ngano, na baadaye akapata kipande chake cha ardhi, akajenga nyumba ya mabanzi, akafuga kondoo. Walikuwa Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni, hata siku ambazo Wachira alisinzia katikati ya Salamu Maria na mkewe akamfinya. Katika nyumba hiyo Nyaguthii alijifunza kwamba Mungu yupo, na kwamba Mungu hupenda kukaribiwa kwa vitu vya kushikika: maji, mafuta, moto, majani na mkate.

Alipokea Komunyo ya kwanza akiwa na miaka kumi. Kabura alikuwa mama wa sheria za zamani, akamfungisha tangu jioni iliyotangulia, hata chai akamnyima. Mtoto alipopewa Hostia hakuthubutu kuitafuna. Aliiacha iyeyuke yenyewe, na kwa hofu ya kuipoteza akafunga mdomo njia nzima ya kurudi nyumbani, bila kumsalimu mtu yeyote. Shangazi yake alikasirika sana. Alidhani mtoto ameingiwa na majivuno kwa sababu ya gauni jeupe. Kumbe masikini ya Mungu alikuwa ameshikilia utamu asioweza kuueleza, na baadaye, alipokuwa mama mzima, alisema kwamba hajawahi kushiba chakula kingine chochote namna ile.

Mwaka wa 1984 alifika Ainabkoi kijana mmoja wa Kimilili, Elija Wepukhulu, kutengeneza injini ya mashine ya kusaga iliyokuwa imekufa. Injini ilipona ndani ya siku chache, lakini kijana hakuondoka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, na alikuwa muumini wa Kanisa la Friends, kama walivyo wengi wa kwao. Friends ni watu wa maombi na ukimya. Hawabatizi kwa maji wala hawamegi mkate, kwa maana wanafundisha kwamba Mungu humbatiza mtu moyoni na kumlisha moyoni, basi vya nini vyombo? Wazee wa pande zote mbili walikutana, mbuzi akachinjwa, ng'ombe wakatolewa, na Wachira akamshika kijana mkono mbele ya ukoo wote, akamkabidhi binti. Wakahamia Cheptiret, kando ya barabara kuu ya Nakuru, Wepukhulu akafungua mashine yake mwenyewe. Binti yao wa kwanza akaitwa Linah.

Hapo ndipo msalaba wa Nyaguthii ulipoanza. Alipokwenda kigangoni, kanisa dogo la Cheptiret, Jumapili ya kwanza, katekista Kimeli alimwita kando akamweleza, kwa upole lakini bila kupinda, kwamba Mkatoliki aliyeolewa nje ya Kanisa hawezi kukaribia Ekaristi mpaka ndoa yake ibarikiwe. Mpaka hapo alisema kweli. Lakini akaongeza la kwake, kama tulivyozoea huku kwetu kuongeza chumvi kwenye sheria: kwamba ni lazima mume kwanza abatizwe Mkatoliki, kisha wasimame wote wawili mbele ya altare na pete na suti na wasimamizi, waanze ndoa upya. Katekista hakuwa mtu mbaya. Alifundisha alichofundishwa, na kigango kizima kiliamini hivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza kama kuna njia nyingine.

Wepukhulu alipoelezwa alikataa katakata. Tusimhukumu haraka. Hakukataa kwa dharau wala kwa ukosefu wa mapenzi, kwa maana alimpenda mkewe kuliko macho yake. Jumapili za mvua alimbeba kwa baiskeli mpaka mlango wa kanisa Katoliki ndipo aende kwake. "Mama Linah," alimwambia, "baba yako alinipa mkono wako, na Mungu alikuwa pale anaona. Sasa nikienda kuanza upya, nitakuwa nimesema nini? Si nitakuwa nimesema tumekuwa tukiishi tu kama kuku? Nitakuwa nimesema Linah ni mtoto wa nje. Hapana. Niombe kitu kingine chochote." Hata Nyaguthii mwenyewe aliona kwamba mumewe alikuwa anatetea heshima yake. Na hiyo heshima ndiyo iliyomfungia mlango.

Basi kila Jumapili, watu walipopanga foleni, yeye alibaki ameketi. Nani asiyeijua aibu hiyo? Wenzako wanakupita miguuni, wengine wanakutazama kwa huruma, na wengine, Mungu awasamehe, wanahesabu nani amebaki leo. Wengi wakifika hapo huacha kanisa, au huhamia pale wasipojulikana na kupokea kimyakimya. Nyaguthii alifunga macho akasema maneno yale yale kila mara: "Bwana, unaniona. Niko hapa, nina njaa." Halafu alilia, na hakujificha akilia. Mwaka wa pili wa njaa hiyo alipata wito wake. Alimwendea Tabby, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya Kikristo, akamwambia: "Kama siwezi kula, wacha basi niandae. Nipatieni kazi ya kuandaa."

Kuanzia siku hiyo mwaka mzima wa Kanisa ulipita mikononi mwake. Majilio alikata matawi ya mtarakwa kwenye ua wake, akayazungusha kuwa taji, akaweka mishumaa minne, na kila Jumapili mmoja ulipowashwa alisema Yesu amekaribia hatua moja. Krismasi alitandika hori kwa nyasi za ngano, akizichambua kwanza zisije zikamchoma Mtoto. Kwaresima ilipokaribia alipita nyumba kwa nyumba akikusanya matawi makavu ya mwaka uliopita, akayachoma, akayachekecha majivu ya kupaka waumini mpaka yakawa laini kama poda, kwa maana alisema mtu akiambiwa yeye ni mavumbi asikwaruzwe tena usoni. Kwa Jumapili ya Matawi aliteremka mtoni kutafuta mikindu. Alhamisi Kuu, wazee waliooshwa miguu walikuwa wamezoea kuruka kwa baridi ya maji, jambo lililowachekesha vijana. Nyaguthii akaleta chupa ya chai iliyojaa maji moto, na tangu hapo hakuna mzee wa Cheptiret aliyeruka tena. Mshumaa wa Pasaka aliupangusa kila wiki. Pentekoste alitundika kitambaa chekundu alichokishona mwenyewe. Na katika Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Padri alipopita barabarani amebeba Ekaristi, alikuwa akitandika leso yake vumbini ili Bwana apite juu yake, kisha akaiokota, akajifunga hiyo hiyo yenye alama za viatu, akarudi nyumbani nayo kama aliyevaa gauni la harusi. Waliomwona wanasema hiyo ndiyo siku uso wake ulikuwa na furaha na huzuni pamoja, hujui uanze na ipi.

Wepukhulu alimtazama akitoka na kuingia na matawi na mishumaa, akatikisa kichwa. Siku moja, akiwa mweupe kwa unga kutoka utosini mpaka kwenye viatu, alimtania: "Mama Linah, hayo yote ni maganda. Mungu anaangalia mahindi yenyewe." Akamjibu bila kuacha kufagia: "Baba Linah, wewe ni mtu wa mahindi. Ushawahi kuona mahindi imekua shambani bila maganda?" Mzee akacheka, akarudi kwenye mashine. Tabby aliyekuwepo aliyaeneza maneno hayo jumuiya nzima, na mpaka leo yanarudiwa katika mafundisho ya wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa.

Jaribu kubwa kuliko yote lilimpata mwaka wa 2009. Parokia iliandaa harusi ya pamoja, ambapo jozi nyingi za wanandoa wangebarikiwa siku moja, na wanawake wa jumuiya wakashona gauni la Nyaguthii bila yeye kujua. Walipomletea alipiga magoti, akalikumbatia. Wepukhulu aliliangalia gauni kwa muda mrefu, akasema, "Nitafikiria." Neno hilo dogo lilimpa mama wa watu tumaini la wiki tatu nzima. Aliosha viatu vya mumewe, akapiga pasi shati. Asubuhi ya siku yenyewe, alipokuwa anasuka nywele, alisikia injini ya mashine ikianza kunguruma kama siku nyingine yoyote. Alivua gauni, akalikunja, akampa msichana mmoja wa jumuiya ambaye lake lilikuwa limembana. Kisha akaenda kanisani, akahudumu sherehe nzima, akawapakulia maharusi pilau, akawapigia vigelegele. Tabby alipomfuata nyuma ya jiko akamkuta anaosha sufuria lililokuwa safi tayari. "Tabby," alisema, "ninamtaka Yesu mpaka mifupa inauma. Na ninampenda huyu mzee. Sasa nikate wapi?" Jioni alirudi akampikia mumewe ugali. Wepukhulu hakuula. Alikaa nao mbele yake mpaka ukapoa, kisha akasema pole, na Nyaguthii akajibu, "Nimesikia."

Mwaka wa 2021 alikuja Padri Kiprono, kijana, mwenye haraka ya kutembea na subira ya kusikiliza. Alishangaa kumwona mama aliyeandaa altare vizuri hivyo hakaribii kupokea. Alipoelezwa kisa chote alishika kichwa. Akamwambia kwamba hakuna popote Kanisa linapomlazimisha mume kubatizwa Katoliki, na kwamba ipo njia ambayo hakuna pete wala suti wala kuanza upya. Askofu anaweza kuiponya ndoa kuanzia mzizini, bila wenye ndoa kurudia ahadi, mradi lile neno walilopeana mwanzo bado liko hai. Nyaguthii aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Halafu akakaa chini, hapo hapo sakafuni mwa sakristia, chumba cha vyombo vya Misa. Miaka yote hiyo! Mlango ulikuwa na upande mwingine, na hakuna hata mmoja wetu aliyezunguka kuujaribu.

Padri akaongeza jambo moja, akidhani anamrahisishia. "Mama, kwa sababu nzito kama hii, inawezekana hata bila Mzee kujua. Nitume ombi kwa Askofu wiki hii?"

Ndugu msomaji, wewe ungesema nini? Mimi najua ningesema tuma, tena leo. Nyaguthii akatoa maneno ambayo kwa ajili yake sisi tunaandika maisha haya. "Hapana, Padri. Nimelala kitanda kimoja na huyu mzee tangu nikiwa msichana, na sijawahi kumficha kitu. Nikimpokea Yesu kwa kificho, nitarudi nyumbani na furaha ambayo siwezi kumwambia mume wangu. Hiyo furaha itakuwa ya namna gani? Nitamwambia kwanza. Akikubali, tuma. Akikataa, nitangoja."

Akamwambia jioni hiyo. Lakini katika haraka yake alianzia mwisho, akasema Askofu ataiponya ndoa yao, na Wepukhulu hakusikia lingine. "Askofu ananijua wapi?" aliuliza. "Ndoa yangu iliugua lini mpaka iponywe?" Akaingia katika ule ukimya wa watu wa dini yake, ambao wanapousali ni mtamu na wanapokasirika ni ukuta. Wiki zikapita, miezi ikapita. Padri alimsihi mama aruhusu ombi liende, akakataa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake liliuma kweli. Krismasi hiyo alitandika hori huku machozi yakidondoka kwenye nyasi, na Padri alimsikia akimlalamikia Bwana waziwazi: "Uko karibu hivi na bado uko mbali. Mpaka lini sasa?"

Mwishoni mwa mwaka wa 2022 ugali ulianza kumkwama kifuani. Kisha mkate ukakataa kupita mpaka uloweshwe kwa chai, kisha ikabaki uji tu. Linah alipomfikisha hospitalini Eldoret, madaktari walitaja ule ugonjwa unaojulikana sana katika nyanda hizi, kansa ya koo, nao ulikuwa umefika mbali. Alirudishwa nyumbani Kwaresima ikiwa imeanza. Asubuhi moja Wepukhulu alikuwa amempikia uji yeye mwenyewe, mwepesi kabisa, akamnywesha, na uji ukarudi wote. Akaupangusa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akauliza: "Mama Linah, hilo neno la Askofu linasema nini hasa?"

"Linasema ulinioa."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia ile siku ya Ainabkoi. Baba akikupa mkono wangu. Si kuanzia leo, Baba Linah. Kuanzia ile siku."

Mzee akarudia, "Kuanzia ile siku," akashika magoti yake kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, yeye ambaye hakulia hata alipomzika mama yake. "Sasa mbona hawakuniambia hivyo? Mbona wewe hukuniambia hivyo? Mimi hicho ndicho kitu pekee nilikuwa nataka wakubali!" Akatoka bila kofia, na koti lake la unga, akatembea mpaka nyumba ya mapadri, akamkuta Padri Kiprono anakunywa chai. Akasema neno moja tu mlangoni: "Tuma."

Neno la Askofu lilifika katika Juma Kuu la mwaka wa 2023. Lakini kufikia siku hizo hata maji hayakupita tena. Padri alipomletea habari, furaha ilimjaa usoni kisha ikazimika. Alishika koo lake kwa vidole, akanong'ona, "Nimechelewa." Padri akamwinamia akamwambia kwamba Kanisa linawajua watoto wake wasioweza kumeza, huwapa Damu peke yake, hata kama ni tone, na katika tone yumo Kristo mzima. Akamsikia akishusha pumzi. "Tone linanitosha," alisema. "Tone ni nyingi."

Jumapili ya Pasaka, baada ya Misa ya kigango, Padri alisoma Misa nyumbani kwao, juu ya meza ya sebuleni, na jumuiya ikasimama mpaka nje kwenye maua. Safari hii walioandaa meza ni wengine. Yeye alikuwa mgeni wa karamu. Wakati ulipofika, shingo ilikuwa imeishiwa nguvu, na Tabby akasogea amwinue kichwa. Wepukhulu akamzuia kwa mkono. "Wacha, Tabby. Mimi ndiye bwana yake." Akapanda kitandani, mtu wa Friends, asiyeamini divai wala mkate, akaegemeza kichwa cha mkewe kifuani pake, akamfuta midomo kwa kiganja. Padri akachovya kijiko kidogo. "Damu ya Kristo." Sauti ya Nyaguthii haikuwa imesikika kwa siku mbili, lakini wote waliokuwa ndani na waliokuwa dirishani waliisikia: "Amina." Tone likaingia. Akafunga mdomo, akakaza macho, na watu wakangoja kikohozi ambacho kilikuja na kila kitu kilichogusa koo hilo. Hakikuja. Alikaa hivyo, mdomo umefungwa, hataki kusema na mtu, kwa muda mrefu kuliko Misa yenyewe. Hatutangulii hukumu ya Kanisa kwa kuliita tukio hilo muujiza. Tunasema tu kwamba tulikuwepo.

Alifariki Alhamisi iliyofuata, katika siku nane za Pasaka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Alizikwa kwa Misa, na Padri alipomtaja kuwa mke wa Elija Wepukhulu tangu mwaka wa 1984, mzee alisimama wima katikati ya waombolezaji, akabaki amesimama hivyo mpaka sala ikaisha. Tangu hapo wamefika wengi kwenye nyumba ya mapadri kuuliza habari za ndoa kuponywa kutoka mzizini. Mama mmoja kutoka mtaa wa Elgon View mjini Eldoret, Purity, aliyekuwa na nyumba kubwa na gari na kila kitu isipokuwa Komunyo, alisimuliwa kisa hiki katika foleni ya kliniki. Akamwomba Nyaguthii amsemee kwa Mungu, na mumewe, ambaye alikuwa hataki hata kumsikia padri, akauliza mwenyewe mezani jioni hiyo mambo ya kuponya ndoa yanaanzia wapi. Wapo wanaoshuhudia kwamba walimwomba kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kula, na wagonjwa wakapata nafuu. Kanisa litapima kwa wakati wake. Sisi tunajua la hakika moja: siku hizi Cheptiret, watu wakienda kupokea, hakuna anayethubutu kuwahesabu waliobaki wameketi.

Basi tujifunze kwake. Tusijifunze kungoja tu, kwa maana hata uvivu hungoja. Tujifunze kumtaka Mungu waziwazi, bila kumdanganya yule tunayekula naye nyumbani. Na wewe unayepokea kila wiki ukiwa unawaza mifugo na karo, jiulize mara ya mwisho ulisikia njaa ni lini.

Wepukhulu bado ni mtu wa Friends. Kila mwaka jumuiya husali Misa ya kumbukumbu sebuleni mwake, naye hukaa kwenye kiti, kofia magotini, wengine wakipokea. Mwaka huu Padri Kiprono alimuuliza taratibu kama sasa anaamini. Mzee alifikiria vizuri, kwa maana si mtu wa kusema uongo kumfurahisha mtu.

"Padri, hiyo sijui. Kuamini bado sijaamini," alisema. "Lakini siku hizi mkifika hapo, nasikia njaa."